Ushuru Ambao Hatukulipa



Ndugu msomaji, makala hii tumeiandika watu watatu, mafrateri wa mwaka wa pili wa teolojia. Kisa chenyewe kilitupata wakati wa likizo, padre mtunza hazina alipotutuma Makambako kununua mahindi ya jiko la seminari. Tuliporudi, tulikubaliana kwanza kunyamaza. Baadaye tuliona kwamba kunyamaza kwetu kulikuwa sehemu ya tatizo, ndiyo maana tunaandika.

Tulinunua gunia 16 za kilo 100 kutoka kwa wakulima, gunia moja shilingi 60,000. Jumla ni tani 1.6. Kukodi lori zima kungetugharimu kuliko mahindi yenyewe, kwa hiyo tulipata nafasi kwenye fuso lililokuwa linakwenda Morogoro na viazi vya tajiri wa dereva. Njiani akapanda mama mmoja na tenga 15 za nyanya. Kwa makadirio ya dereva, tenga moja lilikuwa na kama kilo 40, yaani mzigo wote wa mama ulikuwa kilo 600 hivi. Tenga zikapangwa juu ya magunia yetu, mama akakaa mbele na dereva, sisi tukakaa juu ya mzigo na turubai letu.

Saa nane mchana tulifika kwenye geti la ushuru la halmashauri moja. Hatutaitaja, kwa sababu tumeambiwa, na tumejionea, kwamba haiko peke yake. Mti umelazwa barabarani, kuna kibanda cha bati, meza, na kijana mwenye mashine ya kutolea risiti. Akazunguka lori, akahesabu. Akauliza mahindi ni ya nani. Dereva akajibu haraka, "Hayo ni ya Kanisa, hawa ni mafrateri." Kijana akatutazama, akaona rozari shingoni mwa mwenzetu, akasema, "Haya, mtuombee." Tukasema asante. Ndivyo tulivyopita.

Kwa mama haikuwa hivyo. Alimwambia kijana, kwa adabu kabisa, kwamba mzigo wake haufiki tani moja, na kwamba amesikia redioni mzigo wa namna hiyo hautozwi ushuru ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kijana akamjibu, "Mama yangu, tani inahesabiwa kwa gari. Gari hili limezidi tani." Mabishano yalichukua saa mbili. Mwishowe mama akalipa shilingi 1,500 kwa kila tenga, jumla 22,500, akapewa risiti. Alipokuwa anarudi kwenye lori alituambia maneno mafupi: "Wanangu, mahindi yenu ndiyo yaliyojaza gari, lakini ushuru nimelipa mimi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu chenji. Hatukuwa na jibu.

Saa moja jioni tukafika geti la pili, la halmashauri nyingine. Mama akatoa risiti yake. Wakamwambia lazima waihakiki kwenye mfumo, na mtandao ulikuwa umekata. Tukasubiri mpaka saa sita usiku. Safari hii hakulipa kitu. Mtandao uliporudi wakamruhusu. Lakini nyanya zilikuwa zimekaa saa saba kwenye mageti mawili, zimebanwa, zinapumua joto la mchana. Tukashuka Kitonga usiku, tukapita Mikumi alfajiri, na tulipoingia Morogoro jua lilikuwa limeshatoka. Wanunuzi wa jumla huja sokoni saa kumi alfajiri. Walikuwa wameshaondoka.

Hesabu ya mama

Tulikaa naye sokoni asubuhi hiyo tukisubiri gari la seminari lije kuchukua mahindi. Alitufanyia hesabu yake kwenye kipande cha boksi, nasi tunairudia hapa kwa ruhusa yake, kwa kuwa ndiyo iliyotufungua macho.

Alinunua nyanya kwa shilingi 15,000 kwa tenga, jumla 225,000. Nauli ya mzigo 30,000. Ushuru 22,500. Gharama zote zikawa 277,500. Bei aliyoambiwa kwa simu ilikuwa 30,000 kwa tenga, kwa hiyo alitarajia 450,000 na faida ya 172,500. Kwa kuchelewa, aliuza tenga 11 kwa 18,000, akapata 198,000. Tenga nne zilikuwa zimelainika, hakuna aliyezitaka. Tulimpigia padre mtunza hazina, akakubali seminari izinunue kwa 10,000 kila moja. Mama akaondoka na 238,000. Hasara yake ilikuwa 39,500.

Tazama tarakimu hizo vizuri, ndugu msomaji. Ushuru wenyewe ulikuwa 22,500. Kilichopotea kwa kuchelewa ni tofauti kati ya 450,000 na 238,000, yaani 212,000, zaidi ya mara tisa ya ushuru. Sisi tulipokuwa tukisikia watu wakilalamikia ushuru wa mazao tulifikiri wanalalamikia pesa inayoingia kwenye mashine. Mama alitufundisha kwamba kinachomuua mfanyabiashara mdogo ni muda. Na ule muda alioupoteza haukuingia kwenye mfuko wa halmashauri yoyote. Haukujenga darasa wala kununua dawa. Ulipotea tu.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtaji wa mama ulitoka kwenye mkopo wa kikundi chao cha wanawake, mkopo usio na riba unaotolewa na halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo hiyo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mapato ya ndani ya halmashauri nyingi za vijijini yanategemea sana ushuru wa mazao. Kwa hiyo pesa iliyomwinua mama ilitoka kwenye mageti kama lile lililomwangusha. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani tumekuja kuzitukana halmashauri. Zinahitaji pesa, na pesa hiyo ina kazi.

Sheria inasemaje

Tuliporudi tulitafuta sheria, jambo ambalo tungepaswa kulifanya kabla ya safari. Ushuru wa mazao unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Hutozwa pale zao lilipozalishwa, kwa asilimia ya bei ya shambani, na anayepaswa kulipa ni mnunuzi, si mkulima. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa asilimia 5. Katika bajeti ya mwaka 2017 kilishushwa: asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Bajeti hiyohiyo iliondoa ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine.

Kwa nini tani moja? Lengo linaeleweka kwa mtu yeyote aliyekulia kijijini. Ni yule anayebeba gunia tatu kumpelekea mwanawe anayesoma mjini, shangazi anayerudi kutoka msibani na mchele, mama mwenye tenga 15. Msamaha uliwekwa kwa ajili ya watu. Ukishasema tani inahesabiwa kwa gari, umewanyang'anya msamaha walewale waliokusudiwa, kwa sababu mtu mdogo hana gari lake. Hupanda kwenye lori la wengine. Mwenye pikapu yake binafsi ndiye anayebaki na msamaha.

Tukajihesabu na sisi. Tulikuwa wanunuzi. Tulikuwa na tani 1.6, tumezidi kikomo. Asilimia 2 ya shilingi 960,000 ni 19,200. Tulidaiwa shilingi 19,200 na hatukulipa hata senti. Mama hakudaiwa kitu na alilipa 22,500. Mambo yalikuwa yamepinduka kabisa, na kilichoyapindua ni rozari yetu.

Nchi moja, mipaka mingi

Mwalimu wetu mmoja mzee, tulipomsimulia, alicheka kidogo kisha akanyamaza. Alisema enzi zao mageti yalikuwa makali zaidi. Miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, biashara ya nafaka ilikuwa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, na kusafirisha nafaka kutoka mkoa hadi mkoa kulihitaji kibali. Yeye mwenyewe aliwahi kuficha mchele ndani ya godoro alilomfungia dada yake aliyekuwa anaolewa mbali. Mwaka 1984 serikali ililegeza, mtu akaruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali. Mwaka 1987 kikomo hicho nacho kikaondolewa. Anakumbuka jinsi magunia yalivyoanza kuonekana hadharani juu ya mabasi.

Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliikimbia porini kila mgambo alipopita, pamoja na utitiri wa kodi ndogondogo zilizoitwa kodi za kero. Wananchi walishangilia. Lakini halmashauri zilibaki na pengo, na serikali kuu ikalazimika kuzipa ruzuku ya kufidia. Hapo tunajifunza kitu: ukiondoa chanzo cha mapato bila kuweka kingine, mahitaji hayaondoki. Madawati bado yanatakiwa. Mkurugenzi atatafuta pesa mahali pengine, na mahali rahisi pa kuipata ni barabarani, kwa sababu kila mzigo lazima upite hapo.

Si Tanzania peke yake. Jirani zetu Kenya, walipounda serikali za kaunti kwa Katiba ya 2010, waliona hatari hii mapema. Ibara ya 209 inasema mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi yasitumike kwa namna ya kuathiri shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti wala kuzuia bidhaa na watu kwenda huku na huko nchini. Hata hivyo malalamiko ya malori kutozwa kaunti baada ya kaunti hayajaisha. India ilipoanzisha kodi moja ya bidhaa na huduma tarehe 1 Julai 2017, majimbo mengi yaliondoa vituo vya ukaguzi vilivyokuwa mipakani mwao, ambako malori yalipanga foleni ndefu. Kanada, nchi tajiri, ilifika mpaka Mahakama ya Juu kwa sababu mzee mmoja wa New Brunswick alinunua bia kwa bei nafuu Quebec, mkoa jirani, akatozwa faini aliporudi nazo kwao. Mwaka 2018 mahakama iliamua kwamba mkoa ulikuwa na haki ya kuweka sheria ile. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa na bendera moja na wimbo mmoja wa taifa, na bado ikawa na mipaka ndani ya tumbo lake.

Mtu aliyetuvutia zaidi katika kusoma kwetu ni Mfaransa Turgot, kwa kuwa alianza kama sisi. Aliandaliwa kuwa padre, akasoma teolojia Sorbonne, hata akachaguliwa kuwa mkuu wa wanafunzi wenzake mwaka 1749. Baadaye akaacha njia hiyo, akaingia utumishi wa serikali. Mwaka 1774 akawa msimamizi mkuu wa fedha za Ufaransa. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imekatwakatwa na ushuru wa ndani. Mkoa mmoja ungeweza kulia njaa na mwingine ukawa na ngano inayoozea ghalani. Mwezi Septemba mwaka huohuo alitoa amri ya kuachia nafaka isafiri kwa uhuru ndani ya ufalme.

Alikuwa na hoja nzuri. Lakini mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya, bei ya mkate ikapanda, na mwaka 1775 watu wakafanya ghasia wakiona ngano ya kwao inapakiwa kwenda mbali. Mwaka 1776 Turgot akaondolewa. Ushuru wa ndani wa Ufaransa ulifutwa mwaka 1790, na Mapinduzi yalikuwa yameshaanza.

Tulijadiliana sana kuhusu Turgot bwenini. Mmoja wetu alisema wale watu hawakuwa wajinga. Mama mwenye watoto anapoona chakula kinatoka kijijini kwake wakati wa njaa, hamwambii mtu kwamba soko litasawazisha mambo mwezi ujao. Watoto hula leo. Hata hapa kwetu viongozi wa wilaya au mkoa wamewahi kupiga marufuku chakula kisitoke katika maeneo yao kwa hofu hiyohiyo. Mwenzetu mwingine akajibu kwamba marufuku hiyo humlinda mnunuzi wa mjini mdogo wa pale, lakini humwumiza mkulima ambaye angepata bei nzuri, na humwumiza zaidi mwenye njaa wa wilaya ya pili. Mahali fulani ndani ya nchi hii kuna mtu anayengoja chakula hicho. Hatukumaliza mjadala. Tulikubaliana tu kwamba njia inapofunguliwa, lazima pawe na ghala la akiba kwa mwaka mbaya.

Mathayo alikuwa anafanya nini pale?

Sote tumehubiriwa kuhusu wito wa Mathayo. Lakini ni wachache wanaouliza kwa nini palikuwa na meza ya ushuru Kafarnaumu, mji mdogo wa wavuvi kando ya ziwa. Jibu liko kwenye ramani. Herode Mkuu alipofariki, nchi iligawanywa kwa wanawe. Galilaya ikawa ya Herode Antipa, na ng'ambo ya mto Yordani, si mbali na Kafarnaumu, ilianza milki ya ndugu yake Filipo. Watu walikuwa walewale, ziwa lilelile, samaki walewale, ndugu wakioleana pande zote mbili. Katikati pakawekwa meza.

Tulipolitambua hilo, meza ya Mathayo ilianza kufanana mno na kile kibanda cha bati. Tukamkumbuka na yule kijana. Ni rahisi kumfanya awe mtu mbaya wa kisa hiki, lakini hakutupiga mtu, hakudai rushwa, alitoa risiti. Tuliambiwa baadaye kwamba vijana wa mageti hupangiwa malengo ya makusanyo, na asiyefikia hutafutiwa mwingine. Yohane Mbatizaji, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasizidishe kiwango kilichowekwa. Ni jibu la kawaida sana, la kiofisi karibu. Lakini lingemwokoa mama yetu shilingi 22,500.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatusaidia kuvuta pande mbili kwa pamoja. Papa Pio wa Kumi na Moja, mwaka 1931, alifundisha kwamba ngazi ya juu isinyang'anye ngazi ya chini kazi inayoiweza. Halmashauri isiyo na mapato yake ni jina tu. Itakwenda Dodoma kuomba hata chaki. Kwa upande wa pili, Papa Paulo wa Sita mwaka 1967 alikumbusha kwamba uhuru wa biashara peke yake hauleti haki iwapo wanaouziana wametofautiana mno kwa nguvu. Hilo linatuonya tusidhani kwamba mageti yakiondoka kesho mkulima atakuwa salama. Dalali mwenye malori matano bado atamkuta mkulima asiye na mizani, asiye na ghala, asiyejua bei ya Morogoro.

Mfano mzuri ni lumbesa. Mahali ambapo ushuru hutozwa kwa kuhesabu magunia, na si kwa uzito, mnunuzi ana sababu ya kushindilia gunia mpaka lifungwe kwa kofia ya nyasi. Magunia 10 yanakuwa 8, ushuru unapungua, na mkulima analipwa kwa gunia 8. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini ushuru wa kuhesabu unavuta upande mwingine. Ushuru uliowekewa mnunuzi unarudi kumwangukia mkulima kwa mlango wa nyuma.

Tulichofanya

Tulimweleza padre mtunza hazina habari yote, pamoja na ile 19,200. Tulitegemea atasema yamekwisha. Akasema, "Mtarudi mkalipe." Tukamwambia nauli ya kwenda na kurudi inazidi deni. Akatujibu kwamba kuna padre rafiki yake anayepita njia ile wiki ijayo, mmoja wetu ataomba lifti.

Mmoja wetu alikwenda. Hakwenda getini, alikwenda ofisi ya halmashauri. Mhasibu alishangaa. "Mmeshapita, sasa mnalipia nini?" Ilichukua muda kumweleza, na muda zaidi kutafuta namna ya kuingiza malipo ya mzigo ambao haupo. Risiti ikatoka. Ndipo mwenzetu akauliza swali la pili: tani moja inahesabiwa kwa gari au kwa mwenye mzigo? Mhasibu alifikiri, akasema kwa maoni yake ni kwa mwenye mzigo, ila mageti yana "utaratibu" wao. Mwenzetu akaomba kwamba viwango na huo msamaha viandikwe kwenye ubao mkubwa pale getini, kwa Kiswahili, kila mtu asome. Mhasibu akasema ni wazo zuri, atalifikisha.

Mwezi wa pili baadaye tulipita tena. Ubao haukuwapo.

Hatutaki kumalizia kwa kusema tumeshindwa, wala kwa kujisifu kwa shilingi 19,200. Tunataka kusema mambo machache tunayoamini yanawezekana bila kusubiri miujiza. Ushuru ulipwe mara moja, pale zao linapotoka, na risiti ile iheshimiwe nchi nzima. Mtandao ukikata, mzigo upite na namba ya risiti ibaki; gharama ya mtandao mbovu asiibebe mwenye nyanya. Msamaha wa tani moja uhesabiwe kwa mwenye mzigo. Mazao yapimwe kwa mizani, si kwa kuhesabu magunia. Na kila geti liwe na ubao. Serikali kuu nayo, inapofuta chanzo cha mapato ya halmashauri, ifidie kwa wakati, la sivyo mti utalazwa tena barabarani kwa jina jingine.

Kwetu sisi tulio katika malezi kuna jambo la karibu zaidi. Tumeanza kuvaa kanzu, na kanzu inafungua mageti. Polisi anatusalimu, kondakta anatupa kiti, karani anatutanguliza. Si vibaya watu kutuheshimu. Lakini kila tunapopitishwa, kuna mtu nyuma yetu kwenye foleni, na mara nyingine mzigo wetu ndio uliomfikisha kwenye kiwango cha kutozwa. Tungeweza kushuka kwenye lori siku ile na kusema, "Kaka, sisi tuna tani 1.6, tutoze sisi, mama mwache." Yule kijana pengine angekubali. Hatutajua kamwe, kwa sababu hatukusema.

Zile tenga nne za nyanya laini zilipikwa seminarini wiki nzima. Wenzetu walisifu mchuzi. Tulikula nao tukiwa kimya, na mwishoni mwa wiki tukaamua kuandika. Mama bado anafanya biashara yake. Kikundi kimemwongezea muda wa kurejesha mkopo. Alipotupigia simu mara ya mwisho hakuuliza habari ya geti. Aliuliza seminari itahitaji nyanya lini tena, na kama safari hii tunaweza kuzifuata wenyewe.

Tumemjibu kwamba tutakwenda. Na mfukoni tutakuwa na pesa ya ushuru, kwa kiwango chake.